Ofisi ya kukodi mjini Malindi: intaneti nzuri, hewa nzito

Ofisi hii inayokodisha meza kwa siku, iliyo ghorofani kando ya Barabara ya Lamu mjini Malindi, inastahili sifa kwa intaneti yake isiyokatika na kwa utulivu wake. Kahawa ni ya kawaida. Kinachonizuia kuisifu bila sharti ni ruhusa waliyopewa wateja ya kuvuta sigara za kielektroniki wakiwa mezani, ilhali madirisha hufungwa mchana kutwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Msimamizi, kwa upole wote, hueleza kwamba ule ni mvuke wa maji tu. Sivyo: kinachotoka ni matone madogo mno yenye kemikali za kuleta ladha na, mara nyingi, nikotini, na katika chumba kilichofungwa aliyeketi jirani huyavuta pia, apende asipende. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa kazi nje ya sehemu zilizotengwa. Sioni kwa nini kifaa chenye nikotini kipewe heshima ambayo sigara imenyimwa. Nakubali kwamba wapo wanaokitumia ili waache sigara, na kuwafukuza hadi barabarani, juani, si uungwana. Lakini jengo lina roshani pana inayopigwa na upepo wa bahari, nayo haina hata kiti! Harufu ya embe bandia, katika mji wenye maembe halisi, hubaki nguoni hadi jioni.

Kwa kazi ya asubuhi, kabla wavutaji hawajafika, panafaa; kwa siku nzima, mwenye pumu atafute pengine.