Meseji za habari za kaunti: tumetolewa Siyu mpaka Amu kwa tangazo la mwaka jana

Nimekaa na hii hasira kwa wiki kadhaa nikisema basi niiache, lakini juzi mwenzangu wa kikundi ameniuliza kama ajiunge na hii huduma ya meseji za habari za kaunti, nikaona nikimjibu kwa mdomo nitapiga kelele bure, afadhali niandike. Jina lao silitaji. Unalipa shilingi 50 kwa mwezi wanakutumia matangazo kwenye simu, basari, ajira, tenda, vikao vya wananchi, mambo ya barabara na maji. Mimi nilijiunga mapema kabisa na ni mimi niliyewashawishi wengine, hilo ndilo linaloniuma.

Sisi ni wa Siyu. Anayekijua kisiwa cha Pate anajua kwenda Amu, yaani Lamu mjini, si kuvuka barabara. Unatoka alfajiri na boda mpaka gati la Mtangawanda, unangoja boti, na boti nayo inaangalia maji kujaa na kutoka, hata uwe na haraka gani. Ukikosea siku umepoteza siku nzima na nauli na kazi, na uliyemwachia watoto hakuelewi.

Meseji ilikuja siku chache baada ya Idi, sijaifuta mpaka leo. Kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti, Alhamisi hii saa tatu asubuhi, ukumbi wa Amu mjini, wadi zote mnakaribishwa. Mwaka haukuandikwa. Na sikushuku chochote kwa sababu huo ndio msimu wake, kisheria makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hivyo ukitaka kusema lako unasema kabla ya hapo, ukichelewa unaambiwa ngoja mwaka ujao.

Na sisi tulikuwa na letu. Jabia la upande wetu lina ufa sakafuni, mvua inanyesha tunafurahi, wiki mbili tatu ukichungulia maji yameshuka hata kata ya kuchotea haifiki. Watu wa bara huenda hawajui jabia ni nini, ni lile tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua, sisi visima vyetu vingi ni chumvi kwa hivyo jabia ndiyo maisha. Basi tukaandika barua kwa mkono, kurasa mbili, wasiojua kuandika wakatia dole gumba, wino tukaazima madrasa, ule wa muhuri wa zambarau. Shangazi yangu dole lake la kwanza lilitoka doa tu, akakataa katakata, akasema watadhani sina mkono, nipe tena. Akajipangusa kidole kwa leso akakandamiza pole pole akihesabu moja mbili tatu, likatoka zuri na mistari yake yote. Akaliangalia weee. Kisha akasema barua haitoshi, lazima aende mwenyewe aseme kwa mdomo wake. Mwanamke wa miaka 70 na ushei.

Tukaenda watatu, mimi na yeye na mweka hazina wa kikundi. Bahari ilikuwa na mawimbi siku hiyo, shangazi akatapika mara mbili kabla hatujaingia Mkanda, ule mkono wa bahari wa kuendea Amu, nimemshika kichwa kwa mkono mmoja na mkono mwingine nimebana bahasha ndani ya buibui isirowe. Tumefika Amu yuko hoi. Tukamsindikiza pole pole mpaka ukumbini, tunafika, mlango una kufuli.

Tukasema labda tumewahi. Tukakaa barazani. Saa tatu ikapita, tatu na nusu, saa nne, watu wanapita na punda zao wanatutazama. Ndipo akaja askari wa pale, mtu wa heshima sana, akatusalimia akauliza akina mama mnamngoja nani. Nikampa simu asome. Akasoma, akarudi juu akasoma tena, akasema, "Mama, hiki ni kikao cha mwaka jana. Viti nilipanga mimi mwenyewe."

Shangazi hakusikia vizuri akaniuliza anasemaje. Wallahi nilishindwa kumwambia.

Yaani mtu alichukua tangazo la zamani sijui wapi, akalibandika, akaongeza "Alhamisi hii" kwa mkono wake mwenyewe, akatuma. Kosa hutokea, mimi pia hukosea, na kama ingekuwa ni kosa tu nisingeandika hii. Nilipiga ile namba yao hapo hapo barazani. Akapokea kijana. Nikamsalimia kwa adabu nikamweleza, tumetoka Siyu, tuna mtu mzima hapa ametapika njia nzima, ukumbi umefungwa. Akaniambia hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Dada sisi tunashea tu vile tunapata. Kwani mimi ndiye nimekupandisha boti?" Akakata. Nikapiga tena, hashiki. Nikapiga kwa simu ya mweka hazina, akapokea, aliposikia sauti yangu akakata.

Kwani mimi ndiye nimekupandisha boti. Hilo neno nalala nalo naamka nalo. Ndiyo, ni wewe! Nimekulipa shilingi 50 kila mwezi uniambie lini nipande boti, kazi yako nyingine ni ipi?

Sasa haki isemwe pia, maana wako watakaosema nina chuki. Hao hao mwaka juzi walituma tangazo la fomu za basari siku mbili kabla ya kufungwa, huku kwetu hakuna aliyekuwa na habari, mtoto wa dadangu akajaza usiku kwa taa ya simu na akapata, sasa yuko sekondari anaendelea. Kwa hilo nilikuwa nawaombea dua. Na mambo ya fidia ya bandari ya Lamu nayo, mume wangu ni mvuvi, tangu mahakama kuu ilipotoa hukumu 2018 kwamba wavuvi walipwe bilioni 1.76 huku kila siku ni uvumi, huyu anasema hivi huyu anasema vile, angalau wao walikuwa wanatuma kwa maandishi mtu akasoma mwenyewe. Kwa hivyo siwezi kusema hawana faida kabisa. Kuna siku nimefikiria labda nimekuwa mkali mno, kijana ni mdogo, labda siku hiyo alikuwa na yake.

Lakini nikifika hapo hasira inarudi maradufu, kwa sababu ni ile basari ndiyo iliyonifanya niwaamini hii Alhamisi. Kama wangekuwa waongo siku zote nisingemtoa shangazi yangu kitandani. Na mpaka leo hawajatuma meseji ya kusema samahani lile tangazo lilikuwa la zamani, hata moja, sijui nani mwingine alitoka Kizingitini au Kiunga kule mbali siku ile akakuta kufuli. Wakati picha za wakubwa wakikata utepe zinakuja tatu kwa siku. Bandari ilipofungua gati la kwanza Mei 2021 ilikuwa picha juu ya picha, bando langu likaisha, sawa, ni habari pia, lakini kikao kinachohusu maji yangu ndicho hukiandikii mwaka?

Yule askari ndiye aliyetusaidia kuliko wao. Alimletea shangazi maji na mkate wa mofa, na akaniambia kitu ambacho miaka yote ya kulipa 50 sijaambiwa, kwamba mwananchi anaweza kuandika mwenyewe kuomba habari ofisini, kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Nimeandika. Nimeuliza vikao vya wadi ya Faza vinafanyika wapi na lini, na tarehe niliyopeleka nimeiandika pamoja na mwaka.

Kwa hiyo aliyeniuliza, jiunge au usijiunge? Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema kaa kwa ajili ya basari tu, mengine usiyaamini mpaka upige simu ofisini. Lakini kama kila kitu nathibitisha mwenyewe basi 50 yangu naitoa ya nini. Usijiunge. Mimi nimejitoa leo asubuhi na nimewaambia wale wote niliowaingiza watoke pia.

Na wewe kijana ukiisoma hii, nauli ya watu watatu kwenda na kurudi naidai, na namba yangu unayo.