Lenzi ya Kupiga Majengo ya Mombasa: Ununue Ipi Kwanza

Ukitaka kupiga majengo ya Mji wa Kale kwa mwanga wa jua, usikimbilie kubadilisha kamera. Vichochoro ni vyembamba. Kinachokukwamisha ni lenzi. Hesabu zifuatazo ni za Canon yenye sensa (kipande kinachonasa picha) ya APS-C, saizi ndogo kuliko fremu kamili. Namba ya mm ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi.

1. Zumu pana ya 10–18mm

Hii haina mpinzani. Egemeza mgongo ukutani katika kichochoro cha mita 4, kamera ukiishika wima. Kwa 18mm unapata kimo cha mita 5 tu. Kwa 10mm, karibu mita 9. Kamera ikitazama mbele sawasawa, nusu ya kimo hicho iko juu ya macho yako. Kwa hiyo 18mm inaishia kama mita 4 kutoka chini na roshani inakatwa, ilhali 10mm inafika mita 6. Ukiinua kamera kuifuata roshani, kuta zinaegemea nyuma. Afadhali barabara ijae chini ya picha, uikate baadaye: picha ya megapikseli 24 ikikatwa theluthi inabaki 16, na hizo zinatosha.

Canon EF-S 10-18mm ina uzito wa gramu 240. Ya Nikon ni AF-P DX 10-20mm, ila kwenye kamera za D3100, D3200 na D5100 hailengi kabisa, hata kwa mkono. Uliza kabla hujatoa pesa. Tundu dogo la f/4.5 (namba ya f ikipanda, tundu la kupitisha mwanga hupungua) lisikutishe, kwenye jua kali, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga), utapiga f/8 kwa sekunde 1/400.

2. 24mm isiyo na zumu

Canon EF-S 24mm f/2.8 ni gramu 125, inaingia mfukoni. Ni nzuri ukitazama urefu wa barabara kama Ndia Kuu, au kwa milango ya nakshi, kwa sababu haivuti pembe za picha.

3. 18–55mm uliyonayo, ile inayouzwa pamoja na kamera

Usiiuze. Ngome ya Fort Jesus kwa nje ina nafasi ya kurudi nyuma. Upande wa bahari upige asubuhi.

4. Lenzi ya kusogeza (tilt-shift), kama TS-E 24mm

Inanyoosha kuta bila kukata picha, lakini ni ghali, hulengwa kwa mkono, na kwenye APS-C si pana tena. Ikodi tu, usiinunue.

Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu, na unyevu wa pwani huzikuza. Iache.

Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao na kukoleza anga, ingoje: kwenye 10mm anga hutoka na doa jeusi upande mmoja. Filta nyeusi ya stopu 10, inayopunguza mwanga mara elfu moja hivi ili picha ichukue muda mrefu, nayo haifukuzi watu mchana. Kwa f/11 inakupa takribani sekunde 5; mpita njia anaacha ukungu, tuktuk iliyoegeshwa inabaki palepale. Barabara tupu hupatikana kwa kuamka. Jua huchomoza takribani kati ya saa 12:00 na 12:30 asubuhi, kisha hupanda karibu nyuzi 15 kwa saa. Ikifika saa 3, vivuli vya roshani vimeshaanza kushuka ukutani.

Kuta za chokaa nyeupe kamera huzifanya kijivu, basi ongeza mwanga hadi +0.7 kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache lenzi ndani ya mfuko uliofungwa dakika 20 hadi 30, la sivyo kioo kitajaa mvuke na jua zuri litakupita.