Kipimo cha malaria cha dakika 15: uzoefu wangu hapa Moshi, na siku kilipotaka kunipeleka siko

Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha kutoboa kidole alafu damu inawekwa kwenye kile kidude cheupe cha plastiki, mi nakiamini. Naanza na hilo kabisa maana hapa mjini watu wamegawanyika, kuna wanaosema ni cha uongo hakionagi kitu, na kuna wanaolichukua jibu lake kama amri ya mahakama, na wote wanakosea. Nimekitumia mimi na wanangu na binti anayenisaidia sokoni, kwa miaka sasa, na msimamo wangu ni huu: kwa sisi tunaoishi Moshi na Arusha, kikisema huna malaria kiamini, kikisema unayo jiulize kwanza mwezi uliopita ulikuwa wapi na ulimeza dawa gani.

Mi nauza dagaa na samaki wakavu Mbuyuni, mzigo naufuata Mwanza, saa nyingine navuka hadi Sengerema na Geita huko. Kwahiyo maisha yangu yako sehemu mbili ambazo kwa malaria ni kama nchi mbili tofauti. Ule utafiti wa taifa wa 2022 waliopima watoto chini ya miaka mitano ulikuta asilimia 8 nchi nzima wana vimelea, Tabora ikawa inaongoza kwa 23, Kilimanjaro na Arusha chini ya 1. Hizo namba zishike, nitazirudia huko mbele maana ndo kiini cha habari yote.

Mara ya kwanza kunisaidia kwelikweli nilikuwa nimetoka ziwani, nikaanza kutetemeka kwenye basi, nafika Moshi kichwa kinataka kupasuka. Nikaenda zahanati moja ya mtaani, nesi alinifanyia kila kitu mbele ya macho yangu na nataka niwaelezee alivyofanya maana baadae nilikuja kuona wengine wanavyofanya na tofauti ni kubwa sana. Alivaa glavu, akanionyesha tarehe ya kuisha kwenye pakiti, ndo akaichana, ndani kuna kidude chenyewe na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu. Akaandika jina langu juu ya kidude kwa kalamu. Akafuta kidole kwa spiriti akaniambia "subiri kikauke mama, spiriti isichanganyike na damu", akatoboa pembeni ya ncha ya kidole, akavuta damu kidogo sana kwa kale kamrija, mikrolita 5 tu, ukiangalia unaona hii damu itaonyesha nini kweli. Akaiweka kwenye kishimo chake, kile cha pembeni akadondoshea matone ya ile dawa ya maji huku anahesabu kwa sauti, alafu akaweka alamu kwenye simu yake. Nikawa nimekaa naangalia wekundu unavyopanda kwenye karatasi taratibu mpaka ukatokea mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, alafu wa pili ukafuata. Wa pili ulikuwa umefifia nikamuuliza si ndo nina malaria kidogo? Akasema hapana, mstari uwe mkali uwe umefifia ni unayo tu, hiki hakihesabu wadudu.

Hilo wengi linawasumbua jamani. Tumezoea kuulizana "umekutwa na ngapi", mtu anajibu malaria mbili, malaria tatu, zile ni hesabu za darubini, yule wa maabara anahesabu vimelea kwenye damu iliyopakwa kwenye kioo. Hiki cha haraka hakiangalii mdudu mwenyewe kabisa, kinanasa protini ambayo mdudu anaitoa kwenye damu, inaitwa HRP2, na inatolewa na aina ile ya falsiparamu ambayo ndo inayotuumiza zaidi Tanzania. Kwahiyo ukiambiwa tu unayo bila namba usione umeibiwa.

Nikapewa mseto, ile dawa ya malaria, vidonge vinne asubuhi vinne jioni siku tatu, nikameza na chakula chenye mafuta kama walivyosema, nikapona vizuri kabisa nikarudi kazini.

Sasa ishu ilikuja wiki chache baadae. Sijasafiri popote, niko zangu Moshi, homa ikarudi, mgongo chini unauma, najisikia vibaya. Nikaenda sehemu nyingine iliyo karibu na nyumbani, siitaji, wakanipima, wakanikalisha kwenye benchi nje nikakaa mpaka nikasahau kama kuna kipimo kinasubiriwa, yani muda ulipita sana, ndo dada mmoja akapita akachungulia kidude kwenye trei akasema "unayo mama, malaria imerudi, ile dawa haikufanya kazi". Hajaniuliza nimetumia mseto lini. Hajaniuliza dalili nyingine. Akaanza kuandika sindano.

Kwa bahati nina ndugu yangu kasomea maabara, nikampigia pale pale. Akaniambia dada usikubali sindano kwanza, nenda kapime BS, ile ya darubini. Alafu akanipa somo ambalo naliandika hapa kama alivyonielewesha: ile protini ya HRP2 haiondoki siku wadudu wanapokufa, inabaki inazunguka kwenye damu wiki mbili, tatu, nne, na kuna watu inapitiliza hapo. Kwahiyo mtu aliyetibiwa malaria akapona kabisa, akipimwa kwa kidude kile ndani ya huo muda anaweza kuonekana bado anayo wakati hana mdudu hata mmoja. Kipimo hakijadanganya, kimeona kitu ambacho kweli kipo, ila ni masalia. Na hapo hapo akaniuliza walisoma baada ya muda gani, nikamwambia muda mrefu tu, akasikitika, akasema kila kidude kina muda wake wa kusomwa umeandikwa kwenye karatasi yake, kuna cha dakika 15 kuna cha 20, ukichelewa sana mstari unaweza kujitokeza wenyewe ambao haukuwepo.

Nikaenda maabara nyingine, BS ikatoka safi. Wakapima mkojo, wakakuta UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nikapewa dawa zake nikapona.

Pale maabara nilimkuta kaka mmoja mstaarabu sana akanionyesha kwamba vidude vingine vina mistari mitatu, C, Pf ya ile falsiparamu, na Pan ya aina zote za malaria. Ule wa Pan unanasa kitu kingine kinachotolewa na vimelea vikiwa hai, na hicho kinapotea haraka zaidi baada ya matibabu. Kwahiyo ukikuta wa Pf umebaki peke yake kwa mtu aliyetoka kumaliza dozi, mtaalamu anapata pa kuanzia kutilia mashaka, ila akasema Pan yenyewe sio kali kama Pf, wadudu wakiwa wachache haiwaoni, kwahiyo bado mwisho wa maneno ni darubini na mtu anayejua kuitumia. Na hapo tuwe wakweli, darubini nayo inategemea nani kaishika. Kioo kikipakwa vibaya, au mtu kachoka ana foleni ya watu ukutani, utapewa malaria mbili ambazo ni uchafu wa rangi. Kidude cha haraka angalau hakichoki.

Upande wa "huna" sasa. Mwanangu wa mwisho alipata homa kali, huyu hajawahi kutoka Moshi zaidi ya kupanda Kibosho kwa bibi yake. Kapimwa, hana. Bibi yake akawaka kwenye simu, "huyo mtoto ana malaria mama, mpe mseto tu, hivyo vipimo vya siku hizi havioni", na namuelewa maana wao walikua kila homa ni malaria, ndo ilivyokuwa, daktari mwenyewe alikuwa anaandika dawa ya malaria bila kupima. Ila mi nilikataa. Nikasema kipimo kimesema hana na huku kwetu malaria ni adimu, tutafute kinachomuumiza. Daktari akamsikiliza kifua, nimonia. Fikiria ningempa mseto alafu nikakaa nyumbani nasubiri apone, mtoto anavuta pumzi kwa shida.

Na hili sio la kwangu peke yangu. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya 2007 na 2008, walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walidhani malaria kwa asilimia 60.7 ya hao watu. Walipochunguza kwa undani waliokuwa na malaria kweli ilikuwa asilimia 1.6. Soma tena hiyo. Waliobaki wengi walikuwa na vitu kama maambukizi ya bakteria kwenye damu, homa zinazotoka kwa wanyama, homa za kupe, chikungunya. Nikisoma vile huwa naumia, watu wangapi walipewa dawa ya ugonjwa ambao hawana na ule wa kweli ukaendelea kuwamaliza. Kwangu mimi faida kubwa ya hiki kidude ni hiyo, kinamlazimisha daktari atafute kitu kingine, akikubali kulazimishwa lakini, maana bado wapo wanaopima, wanakuta huna, alafu wanakuandikia mseto hivyo hivyo.

Sasa zile namba za mwanzo. Chukua watu 1,000 wenye homa hapa Moshi tuseme 10 ndo wenye malaria. Tuseme tena kipimo kinakosea kwa watu 5 katika kila 100 wasio nayo. Hao wasio nayo ni 990, kwahiyo karibu 50 wataambiwa wanayo wakati hawana. Wenye nayo kweli ni 10. Yani kwenye vidude 60 utakavyoona vina mistari miwili, 50 ni vya uongo, na kipimo ni kile kile kizuri. Kipeleke Geita wakati wa mvua hesabu inageuka kabisa. Ndo maana nasema swali la umetoka wapi ni sehemu ya kipimo. Na hata hapa kwetu sio kote sawa, Mabogini, Chekereni na TPC kule kwenye mashamba ya mpunga na miwa mbu wapo, na upande wa Arusha ukishuka Mto wa Mbu usijifanye uko mlimani.

Madhaifu mengine niyataje haraka. Wadudu wakiwa wachache sana, chini ya kama 100 kwenye mikrolita moja ya damu, kinaweza kisiwaone, kwahiyo ukiwa umetoka ukanda wa malaria, kimesema huna na homa inaendelea, rudia kesho yake au upige BS. Kile cha Pf peke yake hakioni aina nyingine za malaria. Na nchi kama Eritrea walikuta wadudu ambao hawatoi kabisa ile HRP2, kipimo kinapita juu yao, ikabidi wabadilishe aina ya vidude, jambo la kuliombea lisienee. Uhifadhi nao, pakiti zimeandikwa zisikae kwenye joto kali, na mi nimeshaona boksi zima limewekwa dirishani juani.

Nakipa nyota nne kwa tano. Ile moja naipunguza kwa ajili ya wanaokisoma, maana kidude chenyewe sina ugomvi nacho. Ukienda kupimwa mwambie afungue pakiti ukiwa unaona, uliza kinasomwa baada ya dakika ngapi na wewe weka alamu kwenye simu yako, na kama umemaliza mseto ndani ya mwezi huo mwambie kabla hajakutoboa, usisubiri akuulize, omba BS moja kwa moja. Mi siku hizi nikitoka Mwanza tarehe niliyomaliza dozi naiandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki.