Bwana mifugo aliyekagua ukuta (Tanga, nyota nne)

Jamani wenye mbwa hapa Tanga someni hii maana mimi nimeteseka miezi mitatu bure. Nakaa Ngamiani, nyumba ya wazee, ukuta wa uani umejaa nyufa, na mbwa wangu Bosi analala kwenye kibanda kimeegemea huo huo ukuta. Nilianza na kola ya kupe, elfu 18 kwenye duka moja la dawa za mifugo, muuzaji hata hakuuliza mbwa ana kilo ngapi, afu akaniongezea dawa ya kuogeshea ng'ombe eti pima kwa kizibo cha soda. Kizibo! Wiki ya kwanza kupe wakapungua nikafurahi weee, wiki ya tatu wamerudi wamejaa masikioni mpaka katikati ya vidole, Bosi akaacha kula, hata dagaa anawaangalia tu, fizi nyeupe, mkojo kama chai ya rangi.

Boda wawili wakakataa kumbeba, na siwalaumu, nani anataka kwenda kujiosha mara saba na udongo kabla ya swala ya magharibi. Ndo jirani mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa akanipa namba ya huyu bwana mifugo, anakuja mpaka nyumbani. Alisema saa mbili, kafika saa tano kasoro. Nyota moja imeondokea hapo.

Ila sasa huyu mtu anajua kazi. Kamfunua mdomo Bosi, kaangalia fizi, kapima joto, afu badala ya kufungua begi akaniuliza mbwa analala wapi, akaenda na tochi akaanza kuchokonoa ukuta na kijiti. Aisee walichotoka mle! Kupe wa kahawia wadogo kwa wakubwa wanapanda juu kabisa karibu na paa. Kumbe huyu kupe wa mbwa hakai kwa mbwa muda wote, anashiba anaanguka anaingia kwenye ufa, akitoka amekua anatafuta mbwa tena, na anafanya hivyo tangu mtoto mpaka mkubwa, afu jike likishiba mara ya mwisho linataga mayai mpaka 4,000 humo humo ukutani. Kwa joto letu hili hana msimu. Kwa hiyo kola yangu haikuwa feki, ilikuwa inapigana na wachache walioko juu ya mbwa wakati wengine wote wamelala zao ukutani, hawa sio waja leo waondoka leo.

Akamtoboa kidogo pembeni ya sikio, tone la damu kwenye kioo, akaondoka nalo. Jioni kanitumia picha ya darubini, vijidudu viwili viwili kama matone yamebanana ndani ya chembe nyekundu za damu, ni babesia, ndo vinapasua hizo chembe na ndo maana ya ule mkojo. Vinapita na mate ya kupe, ila mpaka awe amenata siku mbili tatu, so ukimtoa kila siku unakuwa umemuwahi. Kumtoa kwenyewe ni kibano karibu kabisa na ngozi unavuta moja kwa moja, sio kiberiti, sio mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha.

Nilimuuliza na lishmania, ule ugonjwa mwingine wa vimelea, maana nilisoma mahali kwamba kupe nao wanaieneza kwa mbwa. Nilichopenda hakunitisha, kasema njia inayojulikana ni usubi, kupe wamekutwa na vimelea vyake mwilini lakini kukutwa navyo sio sawa na kuambukiza, bado ni jambo la kushuku. Akaniambia kuna kimelea kingine hata hakihitaji mbwa kung'atwa, hepatozoni, mbwa anakipata akijilamba akimmeza kupe mwenyewe. Nikamwangalia Bosi alivyokuwa anajitafuna vidole, nikakosa raha.

Sindano ya imidokabu, dawa ya hiyo babesia, ilimtoa Bosi mate vibaya sana nikajua nimempoteza, kumbe ni kawaida yake, na ikarudiwa baada ya siku 14. Siku ya tatu kala. Ukuta tukaupulizia, nyufa nikaziba kwa simenti, baada ya wiki mbili tukapulizia tena. Paka nilimpeleka kwa dada kwanza maana dawa za wadudu zenye pamethrini zinaua paka, hili pia muuzaji wa kizibo hakulisema.

Jumla elfu 85 pamoja na simenti, risiti hakuna, kipimo cha dawa kaniandikia kwenye kipande cha boksi. Anayetaka namba aje inboksi, ila kama unamtaka saa tano mwambie saa mbili.