Hearts of Darkness: vita iliyohamia nyumbani kwa mwongozaji

Kwa kijana yeyote wa Tanga mwenye ndoto ya kutengeneza filamu kuhusu mapigano ya hapa ya Novemba 1914, ningeshauri kwamba kabla ya kutafuta fedha aitazame Hearts of Darkness: A Filmmaker's Apocalypse. Dokumentari hii ya mwaka 1991, yenye urefu wa dakika 96, iliongozwa na Fax Bahr na George Hickenlooper, nayo inaeleza jinsi Francis Ford Coppola alivyoitengeneza Apocalypse Now, filamu ya vita vya Vietnam, huko Ufilipino.

Uzito wake unatokana na Eleanor Coppola, mke wa mwongozaji, aliyepiga picha za kazi ilivyokuwa ikiendelea na hata kurekodi mazungumzo ya faragha bila mumewe kujua. Humo tunamsikia mtu aliyekwisha kutuzwa Oscar, na ambaye sasa ameweka rehani mali ya familia yake, akikiri kwamba hauoni mwisho wa hadithi yake na kwamba anachokitengeneza ni kibovu. Ni nadra msanii mkubwa kusikika akiwa na hofu ya wazi kiasi hicho, na kwangu mimi sehemu hizo zinapita kwa mbali picha zote za milipuko.

Misukosuko mingine inajulikana: kimbunga cha mwaka 1976 kiliharibu majengo ya kuigizia, na helikopta za jeshi la Marcos, rais wa Ufilipino wakati huo, ziliondolewa katikati ya upigaji picha ili zikapambane na waasi. Lakini tazama kwa makini Martin Sheen, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, anapoigiza chumbani akiwa amelewa kwelikweli, akakipiga kioo ngumi na kuvuja damu huku kamera zikiendelea. Machi 1977, akiwa na umri wa miaka 36, alipata mshtuko wa moyo. Coppola aliogopa kwamba habari hiyo ikienea kazi ingesimamishwa, na maneno yake ya wakati huo yanauma kuyasikiliza.

Kasoro ninayoiona ni kwamba Wafilipino waliojenga, waliobeba na waliosimama mbele ya kamera wanaonekana sana lakini hawasikiki vya kutosha. Hata hivyo, naipendekeza kwa dhati, na mwenye ndoa aitazame pamoja na mwenzi wake kabla hati ya nyumba haijapelekwa benki.