Kaliandra kwa ng'ombe wa maziwa: nzuri, ila ipandwe ya kutosha

Nyota nne kati ya tano, kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili mwenye shamba dogo.

Kaliandra, mti mdogo wa malisho ambao majani yake hulishwa mifugo, ilijaribiwa Embu, Kenya, miaka ya 1990 na taasisi za utafiti wa kilimo (KARI), misitu (KEFRI) na kilimo mseto (ICRAF) kwa pamoja, tena kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Ndiyo maana vipimo vyake havibahatishi: kilo 3 za majani mabichi huziba pengo la kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani (dairy meal). Mpe ng'ombe kilo 6 kwa siku, umeokoa kilo 2 za kununua. Ukimwongezea bila kupunguza kingine, utayaona maziwa yakipanda.

Wengi hukwama kwenye idadi. Kilo 6 kila siku, mwaka mzima, zinataka miti kama 500 kwa ng'ombe mmoja. Kwa nafasi ya nusu mita, hiyo ni mita 250 za ua. Huhitaji kuitengea shamba. Kingo za fanya juu (matuta ya kuzuia mmomonyoko), mipaka, kando ya njia na katikati ya mistari ya majani ya napia zinatosha. Aliyepanda miti 60 akasema haisaidii, bado hajaijaribu.

Mbegu ilowekwe saa 48 kwenye maji baridi. Muulize muuzaji ilivunwa lini, na uoteshe 20 kwenye kitambaa kibichi kabla ya kununua kilo nzima, kwa sababu mbegu iliyokaa sana haioti. Viriba (vifuko vya kuoteshea miche) si lazima: sia kwenye tuta, kisha hamisha miche ikiwa na mizizi mitupu, imefungwa kwa majani ya mgomba, mvua ikishakolea.

Kata mara ya kwanza baada ya miezi 9 hadi 12, ukiacha kisiki kirefu, karibu mita moja, halafu kila baada ya miezi miwili hivi. Lisha siku hiyohiyo. Ina tanini nyingi (kemikali chungu ya mimea), na ikinyauka ng'ombe huila kwa shida na kuimeng'enya kidogo. Isizidi theluthi ya mlo.

Nyota moja imepotea kwa sababu haivumilii maji yaliyotuama, hudumaa kwenye baridi kali ya milimani, na mbegu yake ni adimu. Ganda likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Chuma maganda yakigeuka kahawia, kabla hayajafunguka, uyaanike chini ya wavu au gunia jepesi.