Jumba la kale Uingereza: siku za wazi za Septemba au jumba la Kenwood siku yoyote?

Kwa gharama, kote ni bure. Heritage Open Days, zilizoanza 1994, kila Septemba hufungua hata majengo ambayo siku nyingine hutoza kiingilio au hufungwa kabisa, na mara nyingi yupo mtu wa kukutembeza na kukueleza. Hapo zinashinda. Ila nafasi za ziara hujaa upesi. Ukikosa, subiri mwakani.

Kenwood, London, ina utulivu. Unasimama utakavyo mbele ya picha ya mchoraji Rembrandt aliyejichora uzeeni, brashi na kibao cha rangi mkononi. Tena Dido Belle, binti wa karne ya 18 ambaye mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa, alilelewa humo. Kwangu hilo pekee linatosha kufunga safari.

Mwenye watoto wadogo aende Kenwood. Mpenda maelezo awahi kujiandikisha kwa ziara za Septemba.